Nani Amhukumu Nani: Sheria, Jinai na Dola katika Maporomoko ya Stanley

Historia ya sheria katika bonde la Mto Kongo haianzi na Wazungu, kwa kuwa jamii zilizoishi kandokando ya mto huo, wakiwamo Wagenya, wavuvi wa maporomoko, zilikuwa na mabaraza ya wazee, fidia za damu, viapo na namna zao za kumtenga mkosaji. Lakini sheria ya jinai kwa maana ya dola, yaani orodha ya makosa iliyoandikwa na mtawala aliye mbali, ikasimamiwa na watumishi wake wenye silaha na kuhesabiwa kuwa juu ya mila zote, iliingia Kisangani, mji wa Maporomoko ya Stanley, katika muda mfupi sana, kati ya mwaka 1883 na 1896, na jinsi ilivyoingia ndiyo iliyoipa tabia ambayo haikuiacha kwa miongo mingi. Sheria hiyo ilikuja kwanza kama hati ya umiliki, na ni baadaye sana, tena kwa kulazimishwa, ndipo ilipoanza kujifanya mizani ya haki. Kwa sababu hiyo, katika kila kesi kubwa iliyogusa mji huu swali la kama tendo fulani lilikuwa ovu lilisukumwa nyuma, na swali lililotangulia likawa ni nani aliye na mamlaka ya kuliita tendo hilo jinai, na mbele ya mahakama gani.

Kituo cha kwanza kilianzishwa na Henry Morton Stanley mnamo Desemba 1883, kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, kwenye kisiwa kilicho katikati ya maporomoko, naye akamwachia ulinzi fundi mmoja Mskoti, Binnie. Mwaka na miezi michache baadaye, mkutano wa Berlin ulipokwisha, mfalme huyo alikuwa ametambuliwa na mataifa makubwa kuwa mkuu wa Dola Huru ya Kongo, nchi ambayo hakuwahi kuikanyaga. Tarehe 1 Julai 1885 serikali yake ilitangaza kwamba ardhi isiyokuwa na mwenyewe ni mali ya dola. Tangazo hilo fupi ndilo mama wa jinai nyingi zilizofuata, maana lilichukulia kuwa ardhi ni ile tu iliyojengwa nyumba au kulimwa, huku misitu ya kuwinda, mito ya kuvua, mashamba yaliyopumzishwa na njia za biashara zikihesabiwa kuwa tupu.

Hata hivyo, katika maporomoko dola hiyo haikuwa peke yake. Wafanyabiashara kutoka Zanzibar, Waarabu na Wangwana, yaani Waislamu waungwana wa pwani na wafuasi wao waliofuata desturi zao, walikuwa wamefika na kujenga makazi, wakitafuta pembe za ndovu na watumwa, na wao pia walikuwa na sheria yao. Mwaka 1886 sheria hizo mbili ziligongana juu ya mtu mmoja. Mwanamke mtumwa aliyepigwa na bwana wake alikimbilia kituoni, na Walter Deane, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa kituo, akakataa kumrudisha. Kwa upande mmoja mwanamke huyo alikuwa mali iliyotoroka, na aliyemficha alikuwa mwizi. Kwa upande mwingine alikuwa mkimbizi, na aliyemdai alikuwa mhalifu. Bunduki ndizo zilizoamua: mnamo Agosti kituo kilishambuliwa, risasi zikawaishia walinzi, Deane akakichoma moto na kukimbilia msituni.

Jambo la kushangaza ni jibu la Leopold. Tarehe 24 Februari 1887, Zanzibar, mbele ya balozi mdogo wa Uingereza, Stanley alitia sahihi mkataba uliomfanya Hamed bin Muhammad el-Murjebi, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, kuwa gavana wa Maporomoko ya Stanley kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Mkuu wa wafanyabiashara wale wale walioshambulia kituo akawa mtumishi wa dola. Masharti yake yanastahili kusomwa kwa utulivu: apandishe bendera ya dola, azuie biashara ya watumwa kutoka maporomoko kuelekea chini ya mto, ampokee ofisa wa Kizungu atakayekaa naye, na kwa upande wake aachiwe uhuru kamili wa kuendesha biashara yake binafsi kokote anakotaka. Mkataba haukugusa lolote la jana, na hata kwa siku za mbele ulichora mpaka wa kijiografia tu, kiasi kwamba uvamizi wa kijiji kilichoko chini ya maporomoko ulikuwa kosa, ilhali uvamizi wa kijiji kilichoko juu yake ulipitiwa kimya.

Mbinu hii ilikuwa kongwe kuliko Leopold. Katika Uingereza ya karne ya 16 na ya 17, nahodha aliyeteka merikebu za adui akiwa na kibali cha mfalme alikuwa shujaa, na aliyefanya hivyohivyo bila kibali alikuwa haramia wa kunyongwa. William Kidd alipewa kibali hicho mwaka 1696 ili awasake maharamia katika Bahari ya Hindi. Miaka mitano baadaye, tarehe 23 Mei 1701, alinyongwa huko Wapping, London, kwa uharamia na mauaji, huku hati alizodai zingemtetea zikikosekana mbele ya mahakama. Miaka hiyohiyo bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoruhusu maharamia wahukumiwe makoloni na mabaraza ya maofisa, bila baraza la wananchi ambalo Mwingereza wa nyumbani alilihesabu kuwa haki yake ya kuzaliwa. Mambo mawili yaliyozaliwa humo, kibali kinachogeuza jinai kuwa utumishi na mahakama ya maofisa walio mbali na mwenye kuwasahihisha, yalikuja kukutana katika msitu wa Kongo.

Tippu Tip aliondoka kurudi Zanzibar mwaka 1890 na hakurejea tena, akimwachia mpwa wake Rashid bin Muhammad uwali wa maporomoko. Alikuwa ameondoka wakati mwafaka, kwa sababu dola sasa ilitaka pembe zote. Tarehe 21 Septemba 1891 mfalme alitoa amri ya siri iliyowaagiza wakuu wa wilaya za Aruwimi-Uele na Ubangi-Uele wachukue hatua za haraka ili mazao ya ardhi ya dola, hasa pembe za ndovu na mpira, yabaki mikononi mwa dola. Matangazo ya maofisa yaliyofuata mwaka 1892 yalipeleka maana ya amri hiyo hadi mwisho wake: wenyeji walikatazwa kuwinda ndovu isipokuwa kwa ajili ya dola, na mfanyabiashara aliyenunua pembe kwao alitishiwa kushtakiwa kama mpokeaji wa mali ya wizi. Hapa ndipo tangazo la ardhi la 1885 lilipozaa. Mwindaji aliyeua ndovu katika msitu wa babu zake aligeuka mwizi bila kubadilisha hata hatua moja ya uwindaji wake, na biashara iliyolipiwa mshahara wa ugavana mwaka 1887 ikawa jinai mwaka 1892. Hata makampuni ya Kibelgiji yaliyokuwa na maduka yao mtoni yalilalamika kwa nguvu, si kwa ajili ya mwindaji, bali kwa sababu yalikuwa yameahidiwa biashara huru.

Vita vilivyofuata kati ya dola na wafanyabiashara wa Zanzibar, kuanzia 1892 hadi 1894, vilitangazwa Ulaya kuwa ni vita vya kukomesha utumwa, na ni kweli kwamba vilivunja nguvu za wavamizi waliotesa watu wengi mno; kosa ni kusahau kwamba vilikuwa pia vita vya kugombea pembe. Kwa upande wa sheria, vita hivyo viliacha mkururo wa mahakama za kijeshi, mabaraza ya maofisa vijana yaliyoketi kambini, yakasikiliza kwa saa chache na kuua siku hiyohiyo. Ngongo Lutete, kiongozi aliyemwacha Tippu Tip na kujiunga na dola, ambaye wapiganaji wake ndio waliowezesha kutekwa kwa miji ya Nyangwe na Kasongo, alihukumiwa Ngandu kwa tuhuma za uhaini na kupigwa risasi tarehe 15 Septemba 1893. Amri ya kumwokoa iliyotumwa na kamanda wa jeshi la dola, Dhanis, ilifika kiongozi huyo akiwa amekwisha kuzikwa. Askari wengi waliokuwa watu wake waliikumbuka siku hiyo walipoasi Luluabourg mwaka 1895. Kibonge, mfanyabiashara aliyetuhumiwa kuamuru kuuawa kwa msafiri Mjerumani Emin Pasha mwaka 1892, alikamatwa na Kapteni Hubert Lothaire, akahukumiwa na kuuawa mwanzoni mwa Januari 1895. Hakuna serikali iliyouliza swali juu ya Ngongo Lutete wala juu ya Kibonge.

Wiki mbili tu baada ya kifo cha Kibonge kilitokea kingine, na juu ya hicho swali liliulizwa, likatikisa ofisi za Brussels, London na Berlin. Charles Stokes alizaliwa Dublin mwaka 1852, akaja Afrika Mashariki na wamisionari wa Church Missionary Society, akaacha umisheni, akaoa katika ukoo wa kitemi wa Unyamwezi na kuwa kiongozi wa misafara mikubwa aliyejulikana kutoka pwani hadi Buganda. Mwishoni mwa 1894 aliingia katika eneo la Dola Huru akitokea upande wa Wajerumani, akiwa na bunduki, baruti na nia ya kununua pembe. Lothaire, aliyekuwa amekamata barua ya Stokes kwa Kibonge, alimtuma Luteni Josué Henry amlete. Stokes alikwenda kama mtu anayekwenda kumwona mwenzake wa kazi. Alipofika Lindi, kwenye kambi ya Lothaire, alisomewa shtaka la kuwauzia silaha maadui wa dola, akasikilizwa usiku na Lothaire mwenyewe, bila wakili, akahukumiwa kifo, na alfajiri ya tarehe 15 Januari 1895 akatundikwa.

Kasoro za kisheria zilikuwa wazi. Stokes hakuwa askari, na kwa kanuni za dola yenyewe raia wa kigeni aliyehukumiwa alikuwa na haki ya kukata rufaa Boma, mji mkuu ulioko karibu na mdomo wa mto. Hukumu iliyotekelezwa ndani ya saa chache iliiua rufaa pamoja na mwenye kuidai. Shtaka lenyewe lilikuwa na uzito, kwa kuwa Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikuwa umepiga marufuku biashara ya silaha katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini uzito wa shtaka ndio hasa unaodai mahakama yenye utaratibu. Serikali ya Uingereza na ya Ujerumani zilibana, na dola ikalipa fidia: faranga 150,000 kwa Uingereza na 100,000 kwa Ujerumani, ambayo ilikuwa na madai juu ya msafara na wapagazi waliotoka katika ardhi yake. Lothaire mwenyewe alishtakiwa Boma na kuachiwa mnamo Aprili 1896, kisha Baraza Kuu huko Brussels likamwachia tena mwezi Agosti.

Waandishi wengi wa Kiingereza wameisimulia kesi hii kama ushahidi kwamba sheria, mwisho wa yote, iliamka. Usomaji wa haki zaidi ni kuiweka kando ya zile mbili zilizoitangulia. Ofisa yuleyule, mwezi uleule, kwa utaratibu uleule wa kambini, aliwaua Kibonge na Stokes kwa shauri lililofungamana, kwa kuwa mmoja alisemwa kuwa mnunuzi na mwingine muuzaji. Kifo kimoja kilizaa barua za kidiplomasia, kesi mbili na robo milioni ya faranga. Kingine hakikuzaa hata ukurasa wa kumbukumbu za mahakama uliojadiliwa na yeyote. Kilichoamka mwaka 1895 kilikuwa uraia, wala hakikuwa sheria ya jinai yenyewe. Na aliyeachiwa huru hakurudi nyumbani kulima bustani: Lothaire alipewa uongozi, barani Afrika, wa kampuni iliyokuwa na haki ya kukusanya mpira katika bonde la Mongala, chini ya mto kutoka Kisangani, ambako unyama ulitendeka, naye akaondoka Kongo mwaka 1900 uchunguzi ukiwa umeanza.

Mongala inaonyesha jinsi sheria ya dola ilivyoweza, mara moja moja, kukata upande wa pili. Mwaka 1904 wakala wa kampuni hiyo, Caudron, alihukumiwa kwa mauaji ya wanakijiji waliokuwa wakishurutishwa kuleta mpira, na mahakama ya rufaa ya Boma ilimpunguzia adhabu hadi miaka 15, ikitaja kuwa sababu ya kumpunguzia ni kwamba wakubwa wa serikali walijua na kuvumilia. Mahakimu hao walimpa mfungwa nafuu ya miaka mitano, na kwa sentensi ileile wakaiandikia dola yao hati ya mashtaka, ambayo wapinzani wa Leopold waliitumia ipasavyo. Tume ya uchunguzi ya Janssens, Nisco na de Schumacher, iliyosafiri Kongo mwaka 1904 na 1905, ilithibitisha mateka wa kike, walinzi wenye bunduki walioitwa makapita, na kodi ya kazi iliyozidi mno saa 40 kwa mwezi zilizowekwa na sheria ya 1903. Tume iligusa pia kidonda ambacho wanasheria wa mjini wangekipita: Mkongo wa sehemu za juu aliogopa kutoa ushahidi Boma, kwa kuwa wengi walioitwa huko walifia safarini. Kutoka Kisangani hadi Léopoldville, Kinshasa ya leo, ni zaidi ya kilomita 1,700 za mto, na kabla ya reli ya 1898 sehemu kubwa ya njia iliyobaki kuelekea Boma ilikuwa ya kutembea. Mahakama iliyoko mwisho wa safari kama hiyo ilikuwa wazi kwa aliyepanda meli, na imefungwa kwa aliyefanyiwa ubaya.

Baada ya 1908, Ubelgiji ilipoichukua nchi kutoka kwa mfalme wake, ukatili wa wazi ulipungua na makaratasi yakaongezeka. Sheria ya uzururaji, iliyotungwa mwaka 1896 na kubaki, ilimfanya mtu asiye na kazi wala makazi yanayojulikana kuwa mshtakiwa, kama zilivyokuwa sheria za maskini za Uingereza ya kina Tudor, ambazo pia ziliwageuza waliofukuzwa mashambani kuwa wazururaji wa kuchapwa na hatimaye wa kupelekwa ng'ambo. Amri ya 1922 ilifanya kuvunja mkataba wa kazi kuwa jambo la kufungwa jela. Kiboko, mjeledi wa ngozi ya mnyama huyo, kilibaki adhabu halali, idadi ya viboko ikipunguzwa kila baada ya miaka kadhaa hadi ikafikia vinne mwaka 1951. Chombo kilichokuwa kikali kuliko hivyo vyote hakikuhitaji hakimu: tangu 1910 mtawala aliweza kumhamishia mtu mbali na kwao, bila kesi, kwa kuhatarisha utulivu, na ndivyo walivyotawanywa wafuasi wa nabii Kimbangu na wa dini ya Kitawala, baadhi yao wakifa ugenini bila kusomewa shtaka lolote.

Stanleyville, kama Kisangani ilivyoitwa wakati wa ukoloni, ya miaka ya 1950 ilimwona mtu mmoja akisimama mara mbili mbele ya sheria hiyo. Patrice Lumumba, karani wa posta aliyekuwa amepewa mwaka 1954 kadi ya kuandikishwa, yaani kutambuliwa kisheria kuwa Mkongo anayestahili kuhukumiwa kwa sheria za Wazungu, alikamatwa Julai 1956 kwa kuchukua takribani faranga 126,000 za posta. Hakukana kuchukua fedha hizo. Alihukumiwa miaka miwili, kifungo kikapunguzwa, akatoka Septemba 1957. Kesi hiyo ilikuwa ya jinai ya kawaida, na heshima ya Lumumba haihitaji ifichwe. Ya pili ilikuwa ya namna nyingine. Baada ya mkutano wa chama chake mjini hapo, machafuko ya tarehe 30 na 31 Oktoba 1959 yaliua makumi ya Wakongo, akakamatwa kwa uchochezi, na tarehe 21 Januari 1960 akahukumiwa miezi sita. Siku nne baadaye alikuwa huru, akielekea Brussels kwenye meza ya mazungumzo ambako tarehe ya uhuru, 30 Juni, ilipangwa. Hakuna jaji aliyebatilisha hukumu hiyo kwa hoja za kisheria. Ilibatilishwa na haja ya dola kuwa na mtu wa kuzungumza naye, kama vile haja ya dola ilivyompa Tippu Tip ugavana.

Uhuru haukuzifuta sheria zote. Kanuni ya adhabu ya Kongo mpaka leo inasimama juu ya amri ya kifalme ya tarehe 30 Januari 1940, iliyorekebishwa mara nyingi, na mahakama za Kisangani huitaja kila siku. Lakini swali la mamlaka ya kuhukumu lilirudi kwa ukali zaidi kutoka nje. Kati ya tarehe 5 na 10 Juni 2000, majeshi ya Uganda na ya Rwanda, yote mawili yakiwa katika nchi isiyo yao, yalipigana ndani ya mji kwa makombora. Tathmini ya Umoja wa Mataifa ilihesabu raia zaidi ya 760 waliokufa na takribani 1,700 waliojeruhiwa. Kongo ilizishtaki nchi zote mbili katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague. Dhidi ya Uganda, mahakama ilitoa hukumu ya wajibu tarehe 19 Desemba 2005, na tarehe 9 Februari 2022 ikapanga fidia ya dola milioni 325 za Marekani, ambapo milioni 225 zilikuwa kwa madhara waliyopata watu. Dhidi ya Rwanda, tarehe 3 Februari 2006, mahakama ilisema haina mamlaka ya kusikiliza, kwa kuwa Rwanda haikuwa imeikubali mahakama hiyo kwa namna iliyotakiwa.

Matokeo yake ni kwamba nyumba mbili za mtaa mmoja, zilizobomolewa katika siku zilezile sita, zilitofautiana mbele ya sheria kwa kutegemea kombora lilitoka katika mzinga wa nani. Fidia ya Uganda inalipwa kwa serikali ya Kongo, kama ile ya Stokes ilivyolipwa kwa serikali ya Uingereza, isipokuwa safari hii umewekwa mfuko maalumu wenye makao yake Kisangani wa kuigawa kwa waathirika, na foleni za wenye madai, wakiwa na vyeti vya hospitali vya mwaka 2000 na vitambulisho vilivyochakaa, zimekuwa sehemu ya maisha ya mji. Anayefika dirishani hatakiwi kueleza tu kwamba alipoteza mguu au mtoto. Anatakiwa kuthibitisha jeraha lake na kulihusisha na vita vile, katika mji ambao majeshi mawili yalirusha makombora kwa pamoja na moja tu kati yake ndilo lililopata hakimu.